Asilimia 60 ya nini? Namna ya kuusoma mkataba wa kaboni kabla kijiji hakijanyoosha mikono

Mwaka 2021 walikuja wageni wanne kijijini kwetu, Kilolo, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea Ruaha Mkuu. Mkutano uliitwa saa nne, watu wakakamilika saa sita, maana ulikuwa msimu wa palizi. Mkubwa wao alitusalimia "Kamwene" na watu wakampigia makofi. Akasema msitu wetu una fedha ambayo hatujawahi kuigusa, na kwamba kijiji kitapata asilimia 60. Mkataba ulikuwa na kurasa 46, zote kwa Kiingereza, na waliomba saini na muhuri siku hiyohiyo kwa kuwa mnunuzi wa Ulaya alikuwa anasubiri. Mwenyekiti alishashika kalamu.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma, ambaye sijawahi kumsikia akiongea mkutanoni, akanyoosha mkono. "Mwanangu, asilimia sitini ya nini?"

"Ya mapato, bibi."

"Mapato yapi? Mimi nikipeleka mahindi Ilula, nauli ya gari na ushuru naondoa kwanza ndiyo nahesabu nilichopata. Ninyi mnahesabu kabla au baada?"

Mgeni alizungumza kwa dakika kumi na jibu halikupatikana. Mkutano ukaahirishwa. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi na ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji. Siku ile nilikuwa meza ya mbele naandika muhtasari, na lile swali nilipaswa kuliuliza mimi. Tangu hapo nimesoma mikataba minne ya kaboni, mmoja wa kwetu na mitatu ambayo vijiji jirani waliniletea. Ninaandika namna ninavyoisoma ili na ninyi mpate pa kuanzia.

Kinachouzwa ni kitu gani

Msiingie mkutanoni kabla hamjalielewa hili, kwa sababu mengine yote yanategemea hapa. Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo haikwenda angani, au iliyoondolewa angani na miti inayokua. Mti ukiwa umesimama tu haujatengeneza krediti. Krediti hutokana na tofauti kati ya mambo mawili: kile ambacho kingetokea msituni bila mradi, na kile kilichotokea kweli. Kile cha kwanza ndiyo hali ya rejea. Hakuna aliyewahi kuiona, kwa kuwa haikutokea. Inakadiriwa kwa picha za setilaiti na kwa kasi ya ukataji wa miaka iliyopita katika eneo lenu.

Kwa hiyo ulizeni hali ya rejea imewekwaje. Ikikadiriwa juu mno, karatasi itaonesha krediti nyingi, halafu siku mkaguzi mkali atakapopita krediti zitafutika, na jina lililochafuka litakuwa la msitu wenu. Upande wa pili kuna jambo linaloniuma. Kijiji ambacho wazee wake walilinda msitu kwa sheria ndogo tangu zamani, hadi leo haukatwi, kina tofauti ndogo ya kuuza. Kijiji ambacho msitu wake unateketea kwa mkaa kina tofauti kubwa. Nimewaona wazee wakikasirika walipoelewa hivyo, na wana haki. Lakini ni bora wakasirike kabla ya saini kuliko kuahidiwa mamilioni ambayo hesabu haiwezi kuyaleta.

Ndiyo maana nasema mkataba wa kaboni ni mauzo ya ahadi. Mnaahidi kwamba kwa miaka 30, wakati mwingine 40, msitu hautakatwa wala kulimwa. Serikali za mitaa zinachaguliwa kila miaka mitano, kwa hiyo ahadi ya miaka 30 inapita kwenye chaguzi sita. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji mkataba ukiwa bado hai.

Chukueni tepu ya fundi cherehani mwende msituni

Kabla hamjasoma kifungu hata kimoja, pimeni. Hamtapata hesabu ya mwisho, hiyo ni kazi ya wataalamu, lakini kijiji kilichopima miti yake kinauliza maswali tofauti na kijiji kilichosikiliza tu.

Sisi tulikwenda watu saba, wanafunzi wangu wawili wa darasa la saba wakiwa na daftari. Unachagua mahali bila kupendelea palipo na miti minene. Unasimika kigingi katikati, unafunga kamba ya mita 15 na kuzunguka nayo. Duara hilo ni takriban mita za mraba 707, yaani sehemu saba kwa mia ya hekta. Kipimo cha mita 15 ndicho kilichotumika pia kwa miti mikubwa kwenye tathmini ya taifa ya misitu. Ndani ya duara unapima kila mti kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kata fimbo ya urefu huo, iweke kwenye shina, zungusha tepu hapohapo. Kwenye mteremko, simama upande wa juu wa mti. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 hesabu kama miti miwili. Tepu ya fundi ina sentimita 150, inatosha kwa miti mingi ya miyombo. Ule mti mkubwa kuliko wote tuliupima kwa kamba, tukaipima kamba.

Mti mmoja wa aina ya mtundu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 94. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha sentimita 30. Kwa milinganyo iliyotengenezwa kwa ajili ya miyombo ya Tanzania, mti wa kipenyo hicho una uzito mkavu wa kama kilo 470 juu ya ardhi. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Kwa kipimo cha asilimia 47 ni kilo 221. Kaboni ikiungua inaungana na oksijeni na kuwa nzito zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 3.67. Unapata kama kilo 810 za hewa ukaa. Mti mzima, ambao tanuru la mkaa linaumeza pamoja na wenzake kwa usiku mmoja, haujafika hata tani moja. Wanafunzi wangu walirudia hesabu hiyo mara tatu wakidhani wamekosea.

Kurudi kwa swali la bibi

Tuseme msitu umetoa krediti 10,000 kwa mwaka na kila moja imeuzwa dola 8. Hizi ni namba za mfano tu. Mauzo ghafi ni dola 80,000. Asilimia 60 ya mauzo ghafi ni dola 48,000. Sasa mkataba ukisema "asilimia 60 ya mapato baada ya gharama", kampuni inaondoa kwanza gharama za kupima, za mhakiki huru, za usajili, magari, ofisi na mishahara. Tuseme gharama ni dola 45,000. Inabaki 35,000, na asilimia 60 yake ni 21,000. Neno "baada ya gharama" limekula dola 27,000. Kampuni nyingine ikija na asilimia 45 ya mauzo ghafi mtapata 36,000, ingawa mkutanoni 45 inasikika ndogo kuliko 60.

Tafuteni basi maneno haya matatu kwenye rasimu: mauzo, gharama, mapato. Kila yanapotokea pigieni mstari. Kama gharama zinaondolewa kwanza, mkataba uzitaje moja moja na uweke kikomo, na kijiji kipate haki ya kuleta mkaguzi wake wa hesabu. Ulizeni pia bei inajulikanaje. Kampuni inaweza kumuuzia kampuni dada kwa bei ya chini, na hiyo dada ikauza Ulaya kwa bei nyingine. Andikeni kwamba mgao unahesabiwa kwa bei aliyolipa mnunuzi wa mwisho asiye na uhusiano na kampuni, na kwamba kijiji kitaoneshwa ankara.

Tangu mwaka 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2023. Zinaeleza mgao na ada. Ombeni kwa afisa misitu wa wilaya nakala ya toleo linalotumika sasa, mkiweka juu ya meza pamoja na rasimu mtaona wenyewe kama zinakubaliana. Usikubali kusomewa kanuni na yule anayetaka saini yako.

Mipaka itembelewe kwa miguu

Rasimu yetu ilikuwa na ramani nzuri ya rangi, yenye alama za mpaka 31. Tuliitembea kwa siku mbili, na simu yenye GPS mkononi. Alama ya 14 ilitufikisha katikati ya tuta la kabichi. Lilikuwa la mama mmoja mjane, kwenye vinyungu vya bondeni ambavyo familia yake inavilima kiangazi tangu enzi za babu wa mumewe. Alikuwa pale na ndoo yake, akatuuliza kama tumekuja kununua. Kwenye karatasi tuta lile lilikuwa "msitu usiolimwa".

Vinyungu tayari vina ugomvi wake na ile sheria ya kutolima ndani ya mita sitini kutoka chanzo cha maji, na kila familia ya Kilolo inaujua. Mkataba wa kaboni usije ukaongeza katazo jingine kimyakimya. Tembeeni mpaka wote, mkiwa na viongozi wa kijiji jirani, na mnapokuta shamba, makaburi, njia ya mifugo au mahali pa kuokota uyoga na kuni, andikeni. Kisha mkataba useme waziwazi nini kinaruhusiwa: kuni kavu, uyoga, dawa, asali, na kiasi gani cha miti ya kujengea kwa kibali. Kinachotajwa kinalindwa. Hakikisheni pia mnacho cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu. Bila hivyo mnauza ahadi juu ya ardhi ambayo mtu mwingine anaweza kuidai.

Moto

Huku kwetu Septemba na Oktoba ni miezi ya moto kichaa. Unaanzia shambani kwa mtu, upepo unaubeba, na hekta mia zinakwisha kabla watu hawajafika na matawi. Viwango vya kimataifa kama vile vya Verra, shirika linalosajili miradi ya kaboni, vinatenga sehemu ya krediti za kila mradi kwenye akiba ya pamoja, ambayo inafidia msitu unapoungua. Ulizeni asilimia ngapi inakwenda huko, kwa kuwa hizo haziuzwi, na ulizeni nini kinatokea moto ukizidi akiba. Mkataba mmoja nilioletewa ulisema kijiji kitafidia hasara "kutokana na uzembe wa jamii". Nani anaamua kwamba ni uzembe? Kifungu hicho kilikuwa ukurasa wa 38 na hakikusomwa mkutanoni. Takeni kampuni igharamie barabara za kuzuia moto na posho za walinzi kila mwaka, na moto ambao chanzo chake hakijulikani usihesabiwe kuwa deni la kijiji.

Kwa nini Ulaya inajali tani ya Kilolo

Vijana wengi huniuliza hivi, na jibu linasaidia kwenye mkataba. Kuna wanunuzi wa hiari, makampuni yanayotaka kusema yamefidia moshi wake. Na kuna nchi. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, katika Ibara ya 6, unaruhusu nchi moja kulipia punguzo lililofanyika nchi nyingine na kulihesabu kuwa lake. Uswisi ilisaini makubaliano ya namna hiyo na Peru na Ghana mwaka 2020. Kanuni za utekelezaji zilipitishwa kwenye mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa: nyingine Glasgow 2021, na zilizobaki zikakamilishwa Baku, Novemba 2024.

Sharti ni kwamba tani moja isihesabiwe mara mbili. Tanzania imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua. Tani ya Kilolo ikienda kwa Uswisi, Tanzania lazima iiondoe kwenye hesabu yake. Ndiyo sababu mradi hauanzi kwa makubaliano ya kampuni na kijiji peke yao. Mwendelezaji, yaani kampuni inayoleta mradi, anapeleka serikalini andiko dhana, maelezo mafupi ya wazo lake, kisha andiko kamili, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ndicho kinachotunza takwimu. Mgeni akija, mwambieni kwa heshima awaoneshe barua ya serikali. Asiye nayo mpeni chai, msimpe muhuri.

Na hapa kuna fedha iliyojificha. Krediti yenye idhini ya nchi ya kuuzwa nje kwa utaratibu wa Ibara ya 6 kwa kawaida hutafutwa kwa bei ya juu kuliko isiyo na idhini. Mkisaini leo kwa bei maalumu ya miaka kumi, kisha idhini ikapatikana mwaka wa tatu, ile tofauti inakwenda kwa nani? Katika mikataba minne niliyosoma, hakuna hata mmoja uliojibu. Ongezeni sentensi moja kwamba ongezeko lolote la bei linagawanywa kwa mgao uleule.

Msichanganye biashara hii na zile fedha za tabianchi mnazosikia kwenye redio. Copenhagen mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Baku zikakubali kuongoza kufikia bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Hizo hazipiti kwenye mkataba wa msitu wenu, na nyingi ni mikopo. Zinafika kwa njia kama Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao benki ya CRDB ilipata ithibati yake mwaka 2019. Kikundi cha wakulima kinachotaka mbegu au umwagiliaji kiulize huko. Hakihitaji kufunga msitu kwa miaka 30.

Vifungu vya kutafuta kwa tochi

Upekee. Kijiji kimoja jirani walisaini "makubaliano ya awali" ya kurasa mbili, wakidhani ni barua ya urafiki tu. Ndani yake waliahidi kutozungumza na kampuni nyingine kwa miaka mitano. Kampuni haikurudi, na kijiji kikabaki kimefungwa. Kama upekee lazima uwepo, uwe wa miezi, na uishe wenyewe kampuni isipofanya kazi iliyotajwa kwa tarehe.

Muda wa malipo. Uhakiki haufanyiki kila mwaka; miaka kadhaa inaweza kupita kati ya mmoja na mwingine, na bila uhakiki hakuna krediti, bila krediti hakuna mgao. Ulizeni kijiji kitaishije katika miaka hiyo, na kama kuna malipo ya awali, je, ni mkopo utakaokatwa baadaye?

Kuuzwa kwa mkataba. Kampuni inaweza kuuza nafasi yake kwa mwingine msiyemjua. Takeni iwe kwa ridhaa ya mkutano mkuu.

Lugha na mahakama. Toleo la Kiswahili liwe na nguvu sawa kisheria, na migogoro isikilizwe Tanzania. Rasimu yetu ya kwanza ilitaka usuluhishi London. Nauli ya kwenda kusikiliza kesi ni kubwa kuliko bajeti ya kijiji ya mwaka.

Mradi ukishasajiliwa, mtu yeyote mwenye simu anaweza kufungua daftari la mtandaoni la kiwango kilichosajili mradi, kama lile la Verra, akaandika jina la mradi na kuona krediti ngapi zimetolewa na ngapi zimeshatumika na kufutwa. Mpeni kazi hiyo kijana mmoja, kila miezi mitatu, asome matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Namna tunavyousoma sisi

Wapo waliofanikiwa, na ningependa kijiji chetu kiwe miongoni mwao. Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vijiji nane vinalipwa kwa kulinda misitu ya milima ya Ntakata na fedha imejenga madarasa na zahanati. Nilipoanza kazi hii nilitaka haraka kama waliyotaka wale wageni. Sasa sitaki.

Mkataba tunaugawa kwa vitongoji. Kila kitongoji kinapewa vifungu vitatu au vinne, vya Kiswahili, wiki mbili kabla. Siku ya mkutano mtu wa kitongoji hicho, wala si kiongozi, anasimama na kueleza kifungu kwa maneno yake, kwa Kihehe akitaka. Akishindwa kukieleza, kifungu hakijaeleweka, kinarudi kwa mwanasheria wa halmashauri kuandikwa upya. Muhtasari unataja waliohudhuria, wanawake wangapi, wanaume wangapi, na waliopinga kwa hoja zao. Nakala moja inakaa kwa mtendaji, moja kwa mwenyekiti wa kamati, na moja kwa mtu asiye na cheo chochote. Kwetu iko kwenye sanduku la bati la yule bibi.

Wageni wa mwaka 2021 hawakurudi. Wamekuja wengine, wana barua, na tunawasoma tangu mwaka jana. Tumefika kifungu cha 17, kile cha moto. Wanataka neno "uzembe" libaki, sisi tunataka litoke. Tutakutana nao tena tukimaliza kuvuna maharage.